Asiambiwe Mpaka Amalize Mtihani

Jumamosi, 27 Juni 2009. Joto, na mji unanuka.

Wazoa taka wa Toronto wamegoma, na pipa la pale kituo cha basi Dixon Road limejaa mpaka watu wanaweka mifuko chini. Upepo ukivuma kutoka upande ule, harufu inapanda mpaka kwetu ghorofani. Nimefunga dirisha. Feni inazungusha joto lile lile. Mama yuko kazini, na mimi nimekaa mezani pale pale nilipokaa miezi yote hii nikisoma, ila leo sina cha kusoma.

Bibi yangu amefariki.

Nikiandika hivyo inaonekana kama amefariki jana. Hapana. Amefariki mwezi wa tano, huko Tanga, kazikwa siku ile ile baada ya alasiri, na watu wote wanaonihusu katika dunia hii wamejua tangu siku hiyo. Mimi nimeambiwa juzi Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo nimemaliza mtihani wa mwisho.

Nyinyi wachache mnaopita hapa, kama ni Waswahili mmeshaelewa. Mtoto ana mtihani, asiambiwe. Tumekua tukizisikia habari hizi: fulani alikuwa bwenini, akafichwa msiba wa baba yake mpaka alipoweka kalamu chini, na watu wazima wakisimulia hutikisa kichwa kwa kusifu. Wamemhurumia mtoto, wamefanya uungwana. Hata mimi nimewahi kuisikiliza hadithi kama hiyo nikaona ni sawa kabisa. Ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama hajui kama blogu hii ipo. Basi nitasema ninavyotaka.

Nianze na somo lenyewe, maana hasira yangu imeshikana nalo na siwezi kuvitenganisha.

Mwaka huu kwenye Kiingereza tumesoma Wamarekani. Kwa nini watoto wa Kanada wakae mwaka mzima na Wamarekani, sijui, lakini Bi Hendry, mwalimu wetu, anasema hakuna taifa lililojieleza kwa maneno makubwa kama lile. Uhuru. Usawa. Kila mtu ajitengeneze mwenyewe, jitahidi utafika. Tumesoma hotuba zao na insha zao, tukasoma na riwaya ya kijana fukara anayepanda mpaka anakuwa na jumba. Hatukutakiwa tukubali wala tukatae. Tulitakiwa tuonyeshe maneno yale yanamfanya nini anayeyasikia, na yanamfanya kwa njia gani.

Insha yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Niliandika kwamba mwandishi anasema uhuru ni kitu kizuri, halafu anatoa mfano, halafu anasema tena kwamba uhuru ni kitu kizuri. Bi Hendry akaandika chini yake: umenieleza alichosema, sasa niambie alichofanya. Nilikasirika. Mimi mtu wa kukasirika upesi, Mama anasema nimerithi kwa Bibi, na nilirudi nyumbani nikimsema mwalimu njia nzima.

Bibi ndiye alinilea. Mama alitangulia huku, akafanya kazi, akanichukua nilipokuwa na miaka tisa. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi, ambayo Tanga ni alasiri, nilikuwa nakwangua kadi ya simu na kumpigia. Msinifikirie vibaya, Bibi hakuwa yule bibi wa hadithi anayetoa hekima. Alikuwa mbishi, mmbeya, na akipenda kusengenya anasengenya mpaka kadi inakwisha. Na redio yake ilikuwa haizimwi. Mgombea akihutubia, Bibi alikuwa akimjibu kama yumo chumbani. Barabara, katutajia. Zahanati, katutajia. Shule, katutajia. "Hajataja maji," anasema Bibi. "Huyu maji hanayo, ndiyo maana kayaruka."

Basi Jumamosi moja nikamsimulia hotuba ya Mmarekani mmoja wa zamani, aliyesimama siku ya sherehe ya uhuru wao akasifu mashamba, viwanda, na baraka za nchi. Bibi akauliza mashamba hayo yalikuwa yakilimwa na nani. Nikamwambia watumwa. Kawataja? Nikamwambia hakuwataja. Bibi akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Basi naye hajataja maji."

Tangu siku hiyo nikawa naandika "maji?" pembeni ya kila kitu ninachosoma. Bi Hendry akaniuliza hili neno ni nini, nikamweleza, akalipenda. Kufika baridi kali darasa zima lilikuwa linasema "maji" kila likipata aya inayoruka kitu. Wakorea, Wajamaika, Wasomali, wote maji, maji. Nikampa Bibi habari kwamba amekuwa maarufu Toronto, akaniambia basi wamtumie khanga.

Nilipanda. Nasema bila haya, nilipanda. Kutoka yule msichana wa "uhuru ni kitu kizuri" nikawa mtu anayeweza kushika sentensi moja ya mtu aliyekufa zamani na kuonyesha pale anapombembeleza msikilizaji, pale anapomtisha, na pale anapopita kwa kunyata ili kitu fulani kisiamke. Nilijiona hodari. Niliamini hakuna mtu atakayenizunguka tena kwa maneno.

Sasa sikilizeni uhodari wangu.

Katikati ya mwezi wa tano nilipiga simu Tanga kama kawaida. Akapokea Mama Mdogo, mdogo wake Mama anayekaa na Bibi. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengi, na walikuwa wanasoma, ile sauti ya kusoma kwa pamoja. Nikauliza kuna nini. Shughuli ya jirani, akasema. Bibi amelala, anakusalimu, anasema soma. Jumamosi iliyofuata Mama akaniambia mtandao wa huko haushiki. Iliyofuata, Bibi kaenda Muheza kupumzika kwa ndugu, simu kaisahau nyumbani. Bibi yule, asahau simu. Bibi ambaye akienda kuoga simu anaiweka kwenye mfuko wa plastiki aingie nayo.

Nikasema sawa.

Mama naye alibadilika. Harusi ya rafiki yake hakwenda, alisema kachoka. Televisheni ilizimwa. Akawa anakaa jikoni na khanga kichwani, anachambua mchele ambao ni safi. Mama anafanya kazi nyumba ya wazee, anawalisha na kuwaogesha wazee wa watu, na siku zile alikuwa akirudi ananitazama tu, kisha anaingia chumbani kwake. Nilidhani ni mambo ya kazini. Nilikuwa na insha ya kukabidhi.

Halafu kuna pilau.

Jumapili moja Mama alisema anakwenda Mississauga, mji wa jirani, kwa Mama Mkubwa, dada yake, kuna shughuli ya akina mama. Hakutaka niende. Soma, akasema. Nilifurahi, nyumba itakuwa kimya. Akarudi jioni na bakuli la plastiki limejaa pilau, na nyama, na kachumbari pembeni. Nilikula hapa hapa mezani, hotuba ya Mmarekani imeegemea kikombe, naandika "maji?" kwa mkono mmoja na kijiko mkononi mwingine. Nilisema pilau tamu. Nikauliza nani kaolewa. Mama akasema shughuli tu, mwanangu, kula. Nikamwomba aniongezee.

Ilikuwa hitma ya Bibi.

Nimekula chakula cha msiba wa bibi yangu kwa furaha, nikaongezewa, na mama yangu amesimama pale anaangalia ninavyotafuna.

Na bado hilo siyo linaloniuma kuliko yote. Linaloniuma ni kwamba walimpa Bibi maneno. Kila wiki Mama alikuwa ananiletea salamu kutoka kwa Bibi. Wiki ya mtihani alisema, Bibi anasema andika mpaka karatasi iishe, usimwachie mtu nafasi tupu. Nililipenda neno hilo. Nililiona ni lake kabisa. Alhamisi, kwenye ukumbi wa mtihani, mkono ulipochoka nilijisemea kimoyomoyo, karatasi haijaisha, Bibi kasema mpaka iishe, nikajaza mpaka mstari wa mwisho. Bibi hakusema. Bibi alikuwa ardhini. Mama alilitunga jikoni, na lilikuwa zuri, na lilinifanya nifanye nilichotakiwa.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikikimbia. Mlangoni nikakuta viatu vingi. Ndani alikuwepo Mama Mkubwa, na mumewe Baba Mkubwa kavaa kanzu siku ya kazi, na Mama. Nikadhani wamekuja kunipongeza. Nilidhani hata labda kuna zawadi, niliwaza kompyuta, Mungu anisamehe.

Baba Mkubwa ndiye msemaji wa ukoo wetu huku. Posa, harusi, ugomvi wa mke na mume, anaitwa yeye. Akaniambia nikae, akaanza. Alianza na sifa za elimu, akaja kwenye subira, akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyofika nchi hii na sanduku moja akavumilia theluji. Na mimi nimekaa pale, mjinga mimi, namchambua. Hapa anajijengea heshima kwetu. Hapa analainisha mioyo. Hapa anarudia neno ili lituingie. Nilikuwa namsifu kichwani, nikisema huyu mzee Bi Hendry angempenda. Akafika kwenye watu wanaonipenda. Mama yako anakupenda, akasema, mama yako mkubwa anakupenda, mama yako mdogo na wote wa Tanga wanakupenda na wanajivunia.

Hakumtaja Bibi.

Nikamtazama Mama. Mama akatazama zulia. Nilijua kabla Baba Mkubwa hajasema yale maneno tunayosema akifa mtu.

Sikumbuki vizuri baada ya hapo. Nakumbuka nilipiga kelele, siyo ya kulia, ya hasira. Nilimwuliza Mama tangu lini, akaniambia. Nikauliza zile salamu je. Akasema, ungefeli, Zuhura. Ungefeli na chuo kingekupita, na Bibi mwenyewe asingetaka hivyo. Nikamwambia usimsemee tena. Usithubutu kumsemea tena. Mama Mkubwa akasema mtoto ana uchungu, mwacheni. Mama akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejitetea mbele ya askari, kwamba hata mwalimu wangu alijua na alikubali ni bora.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nililijua neno hili toka utotoni, lakini sikujua ninazo nguo nyingi hivi.

Jana nilikwenda shule kurudisha vitabu. Bi Hendry alikuwa anabandua karatasi ukutani. Nilimwuliza hapo hapo mlangoni kama ni kweli. Akashuka kwenye kiti, akasema ni kweli, mama yangu alimpigia simu mwezi wa tano akilia, akamwomba asiseme, na yeye alidhani hana haki ya kuvunja neno la mama. Alisema anasikitika. Uso ulikuwa mwekundu. Nikakumbuka ile wiki aliyonisogezea tarehe ya insha bila mimi kuomba. Nikakumbuka alivyoniwekea mkono begani. Nilidhani ni kwa sababu nimekuwa mwandishi.

Nikamwuliza ile A aliyonipa kwenye insha hiyo ni ya nani. Ni yangu au ni ya msiba?

Akasema ni yako, isome mwenyewe. Nimeisoma. Leo asubuhi nimeikalia kama nilivyowakalia Wamarekani, bila huruma. Ni nzuri. Aya ya tatu inayumba, lakini ni nzuri, inaonyesha jinsi yule mzungumzaji anavyolijaza jukwaa kwa sifa ili asibaki na nafasi ya kuwataja waliolima. Nimeiandika wiki ile ile ya pilau. Nimeisoma nikatamani iwe mbaya.

Nataka kusema kwamba walionisaliti ni wao tu. Ningependa shajara hii iishie hapo, na mpaka saa tano asubuhi leo ilikuwa inaishia hapo.

Lakini kuna Rahma. Rahma ni mtoto wa Mama Mkubwa, dada yangu kwa hesabu zetu, anasomea uuguzi Ottawa na mtihani wake wa mwisho ni Jumatatu. Naye hajaambiwa. Naye alikwenda Tanga kila likizo akalala kitanda kimoja na Bibi. Leo kabla ya kwenda kazini Mama alisimama mlangoni na mkoba, hanitazami vizuri tangu Alhamisi, akasema: Rahma akipiga simu, tafadhali, usimwambie mpaka amalize.

Ana uso gani huyu mwanamke, nilijisemea. Nikaapa kwamba nitamwambia. Nilikuwa nimeshapanga na maneno, kwanza hili, kisha lile, moja kwa moja, bila safari wala subira wala sanduku la Baba Mkubwa.

Akapiga. Alikuwa anacheka. Aliniambia jinsi anavyolala na vitabu, jinsi alivyoota anamchoma mwalimu wake sindano. Akasema Jumatatu ikipita anakuja Toronto tukale mishikaki mpaka tuumwe. Nikasubiri nafasi ya kusema. Nafasi ilikuja, alikuwa akinywa maji. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, haya, we soma kwanza, mengine tutaongea ukimaliza.

Rahma akaacha kunywa.

"Nani?" akasema.

Hakuuliza kuna nini. Hakuuliza mengine gani. Sentensi moja tu, tena yangu mimi niliyejifunza mwaka mzima, naye akaona shimo lilipo akatia mkono.

Nikamwambia ni Bibi.

Alilia, nami nikalia, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulia vizuri tangu Alhamisi, kwa sababu yeye peke yake hakuwa ameshamaliza kulia kabla yangu. Akauliza lini. Nikamwambia. Akauliza mimi nilijuaje. Nikamsimulia yote, wanawake wanaosoma kwenye simu, simu iliyosahauliwa, mchele, pilau. Nilisimulia kwa hasira ili akasirike pamoja nami.

Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe hukuuliza?"

Sikuuliza kwa kutaka kujibiwa.

Mtu aliyeandika "maji?" kwenye kila ukurasa wa Wamarekani hakuuliza. Bibi aliyeingia na simu bafuni aliisahau nyumbani, nikasema sawa. Mama alikuwa amekaa matanga mbele ya macho yangu, nikaona ni uchovu wa kazi. Nadhani nilisikia. Nadhani siku ile ya sauti za wanawake nililipokea upesi lile jibu la jirani, kwa sababu ningeuliza kweli ningejibiwa, na nilikuwa na insha, na mtihani, na chuo. Walitaka nimalize. Na mimi nilitaka nimalize.

Hii haiwafutii wao kosa. Nawaambia kabisa, haiwafutii. Mama alimsemesha maiti, na hilo sijui nitalisamehe lini. Lakini siwezi kuiandika kama vile mimi nilikuwa kipofu.

Rahma kasema mtihani ataufanya. Kasema Bibi atamcheka kama atafeli kwa sababu yake, kisha akajirekebisha, akasema angemcheka. Halafu akaniomba kitu. Usimwambie mama yangu kwamba nimejua, akasema. Atakosa usingizi mpaka Jumatatu, ataona ameniharibia. Mwache anifiche.

Nimemkubalia.

Kwa hiyo kesho tunakwenda Mississauga. Baba Mkubwa kasema watasoma tena hitma, safari hii kwa ajili yangu, kwa kuwa ile ya kwanza sikuwepo. Mama Mkubwa atakuwa anapika na kunong'ona kwamba Rahma maskini hajui, nami nitakuwa nakata vitunguu karibu naye nikinyamaza. Mama atakaa upande wa pili. Sijui kama tutatazamana.

Bakuli lile la plastiki bado lipo kabatini, limeoshwa. Nimelitoa nikaliweka karibu na mlango ili nisilisahau. Sijamsamehe mtu. Lakini kesho nitakula, na nitajua ninakula msiba wa nani.